Ukienda Singapore, anza na majina

Watu wakipata nafasi ya masomo au safari ya kikazi Singapore, huniuliza waende wapi na wanunue nini. Huwa nawaambia maduka ya Orchard Road hayakimbii. Kabla hujapanda ndege, tenga jioni moja ujifunze majina ya watu na ya mitaa ya kule. Nimeishi na kusoma huko, na sikuona kitu kilichonizoesha na wenyeji upesi kama hicho.

Tuanze na watu. Wachina hutanguliza jina la ukoo. Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa kwanza, ni wa ukoo wa Lee, kwa hiyo alikuwa Bwana Lee, si Bwana Yew. Lakini wengi wana jina la Kizungu pia, nalo hukaa mbele: waziri mkuu Lawrence Wong ni Bwana Wong. Kwa Wamalay sisi watu wa pwani tuko nyumbani kabisa, maana hawana jina la ukoo, wana bin na binti. Halimah Yacob, aliyekuwa rais kuanzia 2017 hadi 2023, ni Halimah binti Yacob. Ukimwita Bi Yacob umemwita kwa jina la babake. Sema Bi Halimah. Watamil, yaani watu wenye asili ya kusini mwa India, wengi ni hivyo hivyo. Rais Tharman Shanmugaratnam huitwa Rais Tharman, kwa kuwa hilo la pili ni la baba. Ukiona s/o au d/o kwenye kitambulisho cha mtu, ni mwana wa fulani, binti wa fulani.

Kama hujui jina la mtu na amekuzidi umri, mwite “uncle” au “auntie”. Dereva wa teksi, muuza chakula, mama anayefuta meza, wote. Usione haya, ni heshima ile ile ya kumwita mama wa watu “mama” hapa kwetu, na utaona uso unavyobadilika.

Jina la kisiwa chenyewe nalo lina safari ndefu. Zamani kiliitwa Temasek. Simulizi za Kimalay zinasema mwanamfalme Sang Nila Utama alitua pale, akaona mnyama aliyeambiwa ni simba, akapaita Singapura, mji wa simba. Mwaka 1819 Mwingereza Stamford Raffles aliwekeana mkataba na watawala wa Kimalay, Sultan Hussein na Temenggong (cheo cha mkuu wa eneo) Abdul Rahman, Waingereza wakafungua bandari yao. Kuanzia 1942 hadi 1945 Wajapani walikitawala na kukiita Syonan-to. Kikaingia Malaysia mwaka 1963, kikatoka 9 Agosti 1965 kikawa nchi.

Hilo la Syonan lichukulie kwa uzito. Mwaka 1942 wanajeshi wa Japani waliwakusanya wanaume wa Kichina kwa maelfu na kuwaua, na zipo familia ambazo hazijui mzee wao alizikwa wapi. Mwaka 2017 ukumbi wa makumbusho katika kiwanda cha zamani cha magari cha Ford, mahali Waingereza walipotia saini kusalimu amri, ulipewa jina la Syonan Gallery. Wananchi walikasirika, na ndani ya siku chache jina likabadilishwa. Ukikaa na wazee, waache waanze wao kuizungumzia vita hiyo.

Mtaa ninaotaka usiukose ni Kampong Glam. Mpango wa mji wa 1822 uliwagawia watu maeneo: Wachina upande mmoja, Wahindi kwingine, na hapa Kampong Glam wakawekwa Wamalay, Wabugis (mabaharia wa kisiwa cha Sulawesi) na Waarabu, jirani na kasri la Sultan. Soma vibao vya barabara: Arab Street, Baghdad Street, Kandahar Street, Muscat Street. Waarabu hao wengi wao asili yao ni Hadhramaut, Yemen, walikotoka pia masharifu na wafanyabiashara waliohamia Lamu, Mombasa na Unguja. Aljunied, Alsagoff, Alkaff ni majina makubwa kule. Aljunied ni kituo cha treni kabisa. Syed Omar Aljunied ndiye aliyejenga Masjid Omar Kampong Melaka mwaka 1820, msikiti wa kwanza wa kisiwa hicho.

Fika Masjid Sultan, uliokamilika 1932, lakini usikimbilie kupiga picha ya kuba la dhahabu ukaondoka. Sogea, uangalie chini ya kuba. Ule mkanda mweusi unaolizunguka ni vitako vya chupa vilivyopangwa safu juu ya safu. Waislamu maskini wasiokuwa na fedha za kuchangia walikusanya chupa, ili na wao wawe na sehemu yao katika jengo. Mimi nilisimama pale muda mrefu. Kwangu hakuna jengo la Marina Bay, kule kwenye maghorofa ya kisasa, linalolifikia hilo.

Mwomani akienda huko ana zaidi ya kutafuta. Jahazi liitwalo Jewel of Muscat, lililoshonwa kwa kamba za makumbi kama mitepe ya Lamu, lilisafiri kutoka Oman hadi Singapore mwaka 2010, likawa zawadi kwa nchi hiyo.

Ukishachoka kutembea, kula murtabak kwenye North Bridge Road, ng’ambo ya msikiti. Ni ndugu wa mkate wa mayai wa Mombasa. Siku nyingine nenda vile vituo vya vyakula wanavyoviita hawker centre. Ukikuta pakiti ya tishu mezani, meza hiyo ina mwenyewe, tafuta nyingine. Cheti cha halali hubandikwa ukutani, kisome kabla ya kuagiza. Kahawa nyeusi isiyo na sukari ni kopi-o kosong. Ukimaliza, rudisha sinia mwenyewe, kwani ukiliacha mezani unaweza kutozwa faini.