Nina presha, naweza kuingia chumba cha baridi kali?

SWALI: Daktari, nina miaka 52 na natumia dawa za presha. Magoti yananiuma kila nikikimbia. Rafiki yangu amenialika kwenye chumba cha baridi kali cha kutuliza maumivu, nyuzi 130 chini ya sifuri, dakika tatu. Mtu hagandi humo? Na mimi naweza kuingia?

JIBU: Hagandi, kwa sababu hewa kavu hunyonya joto la mwili polepole sana kuliko maji. Kwa dakika mbili tatu ngozi hupoa mno, lakini joto la ndani halibadiliki sana. Unyevu ndio unaoharibu mambo. Nilimhudumia kijana aliyeingia na soksi zilizolowa jasho la mazoezi. Vidole viwili vya mguu vilitoka malengelenge kama vya mtu aliyeungua moto. Jikaushe vizuri, usipake mafuta, vua pete na mkufu, vaa glavu na soksi kavu, ziba masikio.

Sasa presha. Baridi ya ghafla hubana mishipa ya ngozini, damu ikakimbilia ndani, na presha hupanda papo hapo. Kama vipimo vyako bado vinayumba, usiingie. Vikiwa vimetulia, bado nataka daktari anayekutibu akuruhusu kwanza. Mwenye ugonjwa wa moyo, damu iliyoganda mishipani, mimba, au vidole vinavyogeuka vyeupe kwenye baridi asiingie kabisa. Vivyo hivyo mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi, maana hatasikia baridi inapomuumiza.

Uliza pia mashine ni ya aina gani. Ipo ya umeme, ambayo hupoza hewa ya kawaida ya chumba. Nyingine hutumia gesi ya naitrojeni, nayo kichwa hubaki nje kwa juu. Hiyo ya pili ndiyo inayonitia hofu: naitrojeni haina harufu wala rangi, na ikijaa inafukuza oksijeni. Mtu huzimia bila hata kuhisi pumzi zinambana. Mwaka 2015, huko Nevada, Marekani, mfanyakazi wa kituo kimoja aliingia peke yake usiku akafia humo. Usikubali kuingia bila msimamizi anayekutazama usoni muda wote, na ukisikia kizunguzungu toka hapohapo.

Kuhusu magoti, tiba hii ilianzia Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, Dkt. Toshima Yamauchi alipoitumia kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Hata hivyo, mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilisema haijaidhinisha mashine yoyote ya aina hii kutibu ugonjwa wowote. Baridi hutia ganzi kwa muda, maumivu yakapoa, nawe ukarudi kukimbia juu ya goti lenye jeraha. Hilo silipendi hata kidogo. Goti linalouma kila ukikimbia linataka kupimwa.

Kabla hujamjibu rafiki yako, pima presha asubuhi na jioni kwa wiki moja, andika namba zote, umpelekee daktari wako pamoja na hilo goti.