Mtoto katulia tumboni siku mbili, mimba wiki 22: yaliyonikuta mimi

Pole sana mdogo wangu. Nimekusoma, mimba ya kwanza, wiki 22, alishaanza kucheza wiki iliyopita halafu toka juzi usiku kimya, na nyumbani wanakwambia tulia atacheza tu. Mi nakwambia nenda ukapimwe leo, usingoje siku ya kliniki.

Yangu ya kwanza nilianza kumsikia wiki ya 20, yani kama mshipa unaruka kwa ndani chini ya kitovu upande mmoja. Wiki ya 21 akanyamaza. Siku ya kwanza nikasema kalala, ya pili nikanywa soda baridi nikalalia ubavu wa kushoto nikamsikilizia weee mpaka shingo ikauma, wapi. Nikaenda zahanati ya jirani, nikaambiwa mimba bado changa, rudi tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, hata tumbo hawakulishika. Nikarudi nikajifungia chooni nikalia mama mkwe asisikie. Usiku ule mpaka leo unaniuma, maana kama angekuwa na shida kweli si ndo muda ungekuwa unaenda hivohivo.

Asubuhi mume wangu akanipakia bajaji tukaenda kituo kingine. Nesi mtu mzima, hakunifokea, akanilaza akaweka ile paipu ya kusikilizia, akahamisha, akahamisha tena, kimya, mi natetemeka. Akachukua mashine ndogo ya kusikilizia mapigo, akanipaka yale mafuta ya baridi, ikasikika dum, dum, nikataka kucheka, kumbe huku kanishika kiganjani anahesabu, akasema huo ni moyo wako mama. Akasogeza chini pembeni kabisa ndo ikaja ile ya harakaharaka kama cherehani. Akahesabu, 146. Kawaida ni 110 mpaka 160.

Utrasaundi ikaonyesha kondo la nyuma limejishika ukuta wa mbele wa mfuko wa uzazi, kwa hiyo akipiga teke linaishia kwenye kondo, kama mtu anapiga ngumi godoro we uko upande wa pili. (Mama mkwe kusikia kondo liko mbele akaanza kuombea operesheni, alidhani ndo kondo kutangulia. Hapana jamani, hilo ni lile linalokaa chini kwenye mlango wa uzazi.)

Sasa wanaokwambia tulia wanaweza wakawa sahihi, wiki hizi mtoto bado mdogo anageukageuka na kucheza kwake hakujawa na mpangilio, na mimba ya kwanza wapo wanaomsikia baada ya wiki 20. Ila wao wamejuaje bila kusikiliza mapigo? Na usinunue vile vimashine vya mtandaoni ukajipime mwenyewe, utasikia moyo wako au damu inayopita kwenye kondo ukalala na amani ambayo haipo. Kuchuliwa tumbo ndo usikubali kabisa, hata kama anayechua ni bibi yako.

Ukifika waambie mara ya mwisho ulimsikia lini saa ngapi, na kama alikuwa anacheza sana au kidogo, wakikwambia rudi siku ya kliniki waombe angalau wakusikilizie mapigo kwanza, ni haki yako. Kama kuna damu, maji yanatoka, tumbo linauma au homa, hiyo hata usiku unatoka. Mwingine anayesoma hapa, ukifika wiki 24 hujawahi kumsikia kabisa lazima uangaliwe. Wiki 28 kwenda mbele unakuwa ushamjua mwanao anacheza vipi, siku akipungua unaondoka saa hiyohiyo, na yale maneno ya mwezi wa tisa mtoto anatulia sababu nafasi imebana si kweli, mtoto anatakiwa acheze mpaka siku ya kuzaliwa. Mi wiki ya 33 nilienda tena saa tano usiku, wakamsikiliza saa nzima akawa mzima, wala hakuna aliyeninunia.

Beba kadi yako, na nauli ikisumbua niandikie inbox tuone. Ukitoka huko tuambie mapigo yalikuwa ngapi.