Kabla hujaisifu au kuilaumu nano, itazame biti yako

Nilipoanza kutoboa mabamba ya nyuzi za kaboni yaliyotiwa nanotyubu (vijibomba vidogo mno vya kaboni, ambavyo hapa naviita nano), nilitoboa matundu 20 kwenye bamba lenye nyuzi na epoksi tu, yaani resini inayozishikanisha, kisha 20 kwenye bamba lenye nano, kwa biti ya kutobolea ileile. Bamba la pili lilibanduka tabaka vibaya upande wa chini. Nikaandika daftarini kwamba nanotyubu zinadhoofisha bamba. Msimamizi wangu aliposoma aliuliza jambo moja tu: biti ilikuwa na hali gani ulipofika tundu la 21? Sikuwa nimeiangalia. Tuliiweka chini ya hadubini tukakuta makali yameviringika. Kazi yote ya siku ile ilikuwa imepima uchakavu wa biti, na nilikuwa karibu kuiwasilisha kama habari ya nano.

Wewe unayeingia kwenye kazi hii, anza hapo. Uzi wa kaboni una unene wa mikromita 5 hadi 7 hivi, na haukatiki kama chuma laini kinachojikunja na kutoka kama utepe. Unavunjika, na kila unapovunjika unasugua makali ya biti. Biti ya chuma ya kawaida haidumu. Tumia ya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma, au yenye almasi ukiipata. Makali yakishaisha, biti inaacha kukata na kuanza kusukuma, na msukumo huo ndio adui wako mkubwa. Biti inapokaribia kutokea upande wa pili, chini yake zimebaki tabaka mbili tatu tu. Hazina ugumu wa kuhimili, kwa hiyo zinaachana na zile za juu kabla hazijakatwa. Weka ubao wa kuegemeza chini ya bamba, ulibane sawasawa, na ushushe biti taratibu. Kwa biti ndogo, mimi huanzia milimita 0.05 kwa kila mzunguko, kisha ninaongeza au kupunguza kadiri tundu linavyoonyesha.

Usikimbilie kuongeza mizunguko. Epoksi haipitishi joto vizuri, na nyingi hulainika joto likifika kati ya nyuzijoto 120 na 200 za Selsiasi, kutegemea aina. Tundu lililopata joto kupita kiasi unalijua: resini imepakaa ukutani kama nta, na ukilipima baada ya kupoa kipenyo si kile ulichokitegemea.

Sasa nano yenyewe. Inapotawanyika vizuri katikati ya tabaka, inaweza kuugeuza ufa njia na kuuchosha, hivyo tabaka zinashikana zaidi na zinavumilia msukumo mkubwa kidogo kabla ya kuachana. Nimeiona faida hiyo kwa macho yangu na ninaiamini. Lakini neno zito hapo ni kutawanyika. Nanotyubu hupenda kushikana. Donge moja likibaki kwenye resini, ufa unaanzia hapohapo. Ukizidisha kiasi, resini inakuwa nzito, hewa inanaswa ndani, na unapata vitundu usivyovitaka. Tena resini ikivutwa kupita kwenye nyuzi, nyuzi zinafanya kazi ya chujio: upande resini ilikoingilia unabaki na nano nyingi kuliko upande wa mwisho. Kwa hiyo matundu yaliyotobolewa pembe mbili za bamba moja huenda yametobolewa katika vitu viwili tofauti. Muulize aliyetengeneza bamba resini iliingia upande gani, na uchore alama kabla ya kukata vipande.

Changanya mpangilio wa matundu. Lenye nano, lisilo na nano, kwa kura, siyo kundi hili kisha kundi lile. Bamba la kulinganishia litoke kwenye nyuzi zilezile, tabaka zilezile na uokaji uleule. Piga picha ya makali ya biti kila baada ya matundu machache. Na unapopima ubandukaji, gawanya kipenyo cha eneo lililoharibika kwa kipenyo cha tundu, lakini hifadhi na picha, kwa sababu uzi mmoja uliochomoka mbali unaweza kupandisha namba hiyo huku sehemu iliyobaki ni nzima.

Kuhusu vumbi sitakubembeleza. Mwaka 2013 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilipendekeza kwamba nanotyubu za kaboni hewani zisizidi mikrogramu 1 kwa mita ya ujazo, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Hicho ni kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Ni kweli nanotyubu nyingi zinazotoka kwenye kutoboa bado zimefunikwa na epoksi, lakini vipande vyembamba vya nyuzi navyo vinaingia kifuani. Weka mdomo wa kifyonza vumbi chenye chujio la HEPA, linalonasa chembe ndogo sana, karibu kabisa na biti, vaa barakoa ya kuchuja inayoshika uso vizuri, na usipulize bamba kwa hewa ya kompresa hata kama una haraka. Vumbi la kaboni pia linapitisha umeme. Funga kabati la umeme la mashine kabla hujawasha, na ulifyonze kwa nje kabla hujalifungua tena.