Pima maji ya kisima kabla hayajaingia kwenye tangi la maji ya chumvi

Usiyatie hayo maji ya kisima kwenye tangi lako, na wala usinunue hiyo dawa ya kuondoa nitrati, mpaka uwe umeyapima maji ya kisima yenyewe. Umeeleza kwamba tangi lako la lita 150 lina wiki sita, lina samaki klauni wawili, nitrati, yaani mabaki ya mwisho ya uchafu wa samaki, imesoma miligramu 40 kwa lita, na muuzaji amekushauri ununue dawa hiyo na ubadilishe maji mara mbili kwa wiki kwa kutumia maji ya kisima cha nyumbani kwako Mbezi yaliyochanganywa na chumvi ya pakiti, kwa sababu eti hayana klorini. Unauliza ubadilishe kiasi gani, kama unahitaji skima ya protini, kile kifaa kinachotoa uchafu kwa mapovu, na ni lini utaweza kuweka anemoni, yule mnyama wa baharini ambaye klauni hujificha ndani yake. Niliposoma hilo la klorini moyo uliniuma, kwa kuwa niliambiwa maneno hayohayo, nikayaamini, na yaliniulia samaki wote niliokuwa nao.

Tangi langu lilikuwa la lita 200, hukuhuku Dar es Salaam. Kipindi cha mwanzo lilikipita salama, yaani zile wiki nne hadi sita ambazo bakteria wanajijenga juu ya mawe na mchanga, kundi moja likigeuza amonia kuwa nitriti na jingine likigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia ikafika sifuri, nitriti ikafika sifuri, nikaweka samaki. Katika tangi changa safari huishia hapo kwenye nitrati, kwa sababu bakteria wanaoweza kuivunja zaidi wanahitaji mahali pasipo na oksijeni, na mahali pa namna hiyo bado ni pachache. Kwa hiyo anayeanza hana njia ya uhakika zaidi ya kuitoa nje pamoja na maji. Nami niliitoa: kila Jumamosi lita 40 zilitoka na lita 40 zikaingia, bila kukosa hata wiki moja, na kila nilipopima Jumapili nilikuta namba ileile au iliyopanda.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba maji ya kisima changu yalikuwa na nitrati miligramu 50 kwa lita hata kabla sijayatia chumvi. Fanya hesabu hii polepole, kwa sababu ndiyo kiini cha jibu langu lote. Tangi likiwa na 60, ukitoa moja ya tano ya maji na kurudisha maji yenye 50, tangi linashuka hadi 58 tu, wakati maji yasiyo na nitrati yangelishusha hadi 48. Na hata ungebadilisha kila siku mwaka mzima, tangi halitashuka chini ya 50, kwa kuwa huwezi kuosha kitu kwa maji yaliyobeba uchafu uleule. Kisha kuna maji ya kujazia, ya kufidia yale yanayokauka. Kwa joto letu, na feni ikipuliza juu ya tangi lililo wazi, nilikuwa nikiongeza lita tatu kila siku. Kinachopaa ni maji matupu. Chumvi na nitrati hubaki ndani. Lita 21 kwa wiki zenye 50 kila moja ni miligramu 1,050, ambazo katika lita 200 ni ongezeko la zaidi ya 5 kwa wiki. Niliondoa 2 kila Jumamosi, nikarudisha 5 kwa ndoo ya kujazia, na hapo sijahesabu chakula cha samaki hata punje moja.

Nilirudi kwa muuzaji mara tatu. Mara ya kwanza aliniambia napima vibaya. Mara ya pili aliniuzia chupa ya dawa. Mara ya tatu aliniambia nitie sukari, ili bakteria waile na wakati huohuo waitumie nitrati kujijenga. Jambo hilo lipo kweli, na wazoefu hulifanya kwa vipimo vidogo mno wakipandisha taratibu kwa wiki nyingi, huku wakiwa na skima yenye nguvu inayowatoa bakteria na kuingiza hewa. Yeye hakunieleza lolote kati ya hayo. Alisema kijiko kimoja kikubwa, jioni. Nilitia kijiko kimoja kikubwa, jioni. Kulipokucha maji yalikuwa meupe kama tui, bakteria walikuwa wamezaana hadi wakamaliza hewa iliyomo, na samaki waliobaki hai walikuwa wametoa midomo juu ya maji wakihema. Maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 28 hubeba takriban miligramu 6 tu za oksijeni kwa lita, kwa hiyo hakuna akiba ya kuvumilia kosa la namna hiyo. Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimewatoa klauni wawili na vitatange watatu, wote wamekufa. Mmoja wa wale klauni alikuwa akija kula mkononi mwangu.

Bado nina hasira na mtu yule, na sioni sababu ya kuificha. Mtu anayeuza kipimo cha nitrati, akasimama mbele ya mteja aliyerudi mara tatu na tatizo lilelile, anapaswa kuuliza maji yanatoka wapi. Hilo la kisima kukosa klorini ni kweli, lakini klorini ni tatizo dogo kuliko yote, kwani dawa ya matone huiondoa kwa dakika chache. Nitrati haiondolewi na dawa hiyo, haionekani, hainuki, haikamatwi na kitambaa wala na mkaa wa kichujio, na ukiyachemsha maji unaizidisha tu, kwa sababu maji yanapungua nayo inabaki. Katika jiji ambalo nyumba nyingi zinatumia mashimo ya vyoo na makaro, nitrati hushuka ardhini pamoja na maji hadi kwenye visima. Usidanganywe pia na kisima kinachonyweka. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni nitrati isiyozidi miligramu 50 kwa lita, ilhali juu ya miamba ya matumbawe bahari yenyewe kwa kawaida haifiki hata 1. Samaki waliokomaa wanaweza kuvumilia 20 hadi 40, lakini matumbawe ni bora yawe chini ya 10.

Niligundua haya miezi miwili baada ya msiba ule, nilipokuwa nikimalizia matone ya kipimo yaliyokaribia kuisha muda wake. Nilijaza bomba moja maji ya tangi na jingine maji ya ndoo. Rangi zilikaribiana mno. Nilikaa sakafuni na mabomba yale mawili mkononi kwa muda mrefu.

Tangu hapo hakuna maji yanayoingia kwenye tangi langu bila kupimwa, yawe ya kuchanganyia chumvi au ya kujazia. Nanunua maji ya RO, yaani yaliyosukumwa kupita kwenye utando mwembamba unaozuia chumvi na nitrati, kwa madumu, nayo pia nayapima, kwa sababu utando uliochoka hupitisha nitrati na muuzaji wa maji hana habari. Nilipoanza upya, tangi lilisoma 80. Nilibadilisha robo kila wiki kwa maji safi: 80 likawa 60, kisha 45, kisha 34, na wiki ya nne 25. Usiteremshe kwa ghafla zaidi ya hapo, na joto na chumvi ya maji mapya vilingane na vya tangi.

Kwa hiyo leo jioni chukua kikombe cha maji ya kisima, ukipime kwa kipimo kilekile ulichopimia tangi. Ile chupa ya pili ya matone itikise kwa nguvu dakika nzima, kwa sababu unga wake hutuama chini na namba hutoka ndogo kuliko ukweli. Pima na nitriti ya tangi pia, maana ikiwapo hupandisha kwa uongo namba ya nitrati. Kisha soma karatasi ya maelezo uone kama kipimo kinahesabu nitrati yenyewe au nitrojeni iliyomo ndani yake. Ikiwa ni nitrojeni, zidisha kwa 4.4. Niandikie namba zote mbili, ya kisima na ya tangi, kabla hujabadilisha hata lita moja, ndipo tuzungumze kiasi cha kubadilisha, skima na anemoni.