Muulize Anko: "Braza anasema muvi za kutafsiriwa ni za washamba"

Anko shikamoo. Mimi nipo Uyole hapa Mbeya, naishi kwa braza angu mkubwa. Tatizo ni muvi. Mimi nazipenda zile za kutafsiriwa, naenda kurushiwa kwenye flashi pale Kabwe, nikirudi nikiweka tu braza anaanza, oh hizo za washamba, mtu aliyesoma anaangalia orijino anasoma maandishi ya chini. Juzi kafuta zote, sizoni nzima ya Kikorea na mimi nimefika nusu. Shemeji yuko upande wangu ila anaogopa kusema. Nimwambieje huyu mtu?
Mdogo mtu, Uyole

Marahaba mdogo wangu, na pole ya hiyo sizoni, kufutiwa muvi katikati ni sawa na kunyang'anywa sahani mkono uko mdomoni.

Sasa braza ako huo ushamba kautoa wapi? Wajapani zamani, enzi za filamu bubu, walikuwa na mtu anaitwa benshi, anasimama pembeni ya pazia anasimulia muvi na kuwaigizia wahusika sauti, na kuna mabenshi walikuwa na jina kubwa kuliko waigizaji wenyewe, watu wanalipa kiingilio kumsikiliza fulani. Kaka yake Akira Kurosawa, yule dairekta mkubwa, alikuwa benshi. Waganda wana VJ Jingo, Wakenya wana DJ Afro, sisi tulikuwa na Lufufu, mtu mmoja anakuwa jambazi, anakuwa polisi, anakuwa mke wa jambazi, alafu anakutolea na maoni yake juu. Hao wote washamba?

Mimi nimekulia kwenye vibanda umiza vya Mwanjelwa, benchi la mbao, na si unajua mvua ya Mbeya ikikaa kwenye bati, sauti yote inaondoka, kwa hiyo jamaa wa mbele karibu na spika wanawatafsiria wa nyuma kile alichotafsiri DJ, na wa nyuma wanawapa wale wanaochungulia dirishani bure. Hadithi mpaka ifike dirishani jambazi kashakuwa mzuri. Nyumbani ilikuwa hivohivo, bibi yangu katoka Tukuyu Kiswahili chake cha kuombea maji tu, binamu yangu anamgeuzia kila kitu kwa Kinyakyusa, na kila mzungu mwenye kitambi akawa chifu wa sehemu bibi anayoijua. Bibi alikuwa analia kabisa kwenye muvi za Kihindi. Orijino ingemliza nani pale?

Ila ngoja nimtendee haki braza, maana ana hoja moja hajaijua kuisema. Mtafsiri akiingiza sauti yake anaifinya ile ya muvi, kwa hiyo unakosa muziki, unakosa ule ukimya kabla mtu hajapigwa risasi, na muvi nusu yake ni sauti. Alafu hawa wa siku hizi wengine wananiudhi jamani, dakika ya tano kashakwambia nani atakufa, watu wanaagana kwa machozi yeye anatangaza namba yake ya simu. Huyo hatafsiri, huyo anapiga debe stendi. Mzuri anajua kunyamaza, na akikuchomekea utani wa daladala unaona kabisa umekaa pale pale ulipotakiwa. Usichanganye pia na zile zinazoingizwa sauti studio kila mhusika na mtu wake, kama tamthilia za Kituruki za Azam au ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake TBC walioonyesha 2011, nchi nzima ikakaa sebuleni. Ile mbona hatukusikia mtu akiiita ya washamba? Labda braza ako naye aliangalia, muulize.

Cha kufanya, ile sizoni irushe tena, mbili, moja yako, nyingine mpe shemeji aifiche. Na muvi moja nzuri iangalie na braza ile orijino yake, we usibishe, kaa usome hayo maandishi. Utaona mwenyewe macho yanashinda chini ya kioo sura za watu huzioni.

*

Anko mambo vipi, sisi ni bodaboda hapa Mafinga, kijiweni tunabishana wiki sasa. Wakubwa wanasema bongofleva iliishia kwa kina Sugu, hawa kina Rayvanny ni mapenzi tu. Toa hukumu.
Kijiwe cha Mafinga

Poa. Wote mliowataja ni wa Mbeya kwa hiyo mimi sina hasara. Sugu alichana mpaka akaingia bungeni, mbunge wa Mbeya Mjini 2010 mpaka 2020, na Rayvanny 2017 kachukua tuzo ya BET ile ya kura za watazamaji, sa hapo nani wa kudharauliwa? Mimi naangukia kwa Sugu ila nakiri ni umri, mashairi yake niliyaandika kwenye daftari la hesabu huku narudisha kanda kwa kalamu ya biki, na kitu ulichokitolea jasho hivo huwezi kukiona kibaya. Ila hao wakubwa waulizeni, kwenye harusi zao waliingilia wimbo wa siasa au wa mapenzi?

*

Anko, nipo Kihesa, Iringa. Marehemu baba kaacha boksi la magazeti ya Sani ya zamani, yale ya katuni. Mama mdogo anayafungia maandazi. Mimi sioni shida ila roho inaniuma kidogo, ni ujinga?
Binti wa Kihesa

Binti, kimbia! Acha kusoma hapa nenda jikoni kwanza.

Umerudi? Haya. Humo ndani kuna kina Ndumilakuwili, Kipepe, Madenge na Lodi Lofa, watu ambao baba ako pengine aliwajua kuliko majirani, na karatasi ile haichapwi tena. Mama mdogo usimgombeze, mnunulie mifuko ya kaki au mpelekee magazeti ya mpira ya wiki jana, andazi halichagui. Yaliyobaki yapange kwa tarehe, weka mbali na unyevu, na lile lenye doa la mafuta usilitupe.

Na kabla hujafunga boksi nijulishe, Kihesa siyo mbali, nakuja kusoma hapohapo sibebi.