Baridi Inasingiziwa

Swali lenu la wiki linauliza: "Una maumivu ya misuli au viungo yanayoondoka na kurudi? Umeshajua chanzo chake, na umeyamalizaje?" Chanzo nimekijua. Kuyamaliza, tuseme robo tatu.

Mimi ni fundi cherehani, Mwanjelwa, Mbeya. Kwa miaka mingi niliumwa shingo na bega la kulia, maumivu yakishuka nyuma hadi kwenye bapa la bega. Huku kwetu hujamaliza hata kulalamika umeshajibiwa: ni baridi hiyo. Na nani abishe? Asubuhi ya Julai ukifungua mdomo unatoa mvuke kama birika, na Kiswahili chenyewe kimeuita ugonjwa wa viungo baridi yabisi. Nikavaa sweta mbili, nikachuliwa kwa mafuta ya kila rangi, nikameza vidonge. Yanatulia, yanarudi.

Kilichonizindua ni daftari la oda. Humo naandika kila kitu: vipimo vya mteja, salio lake, na pembeni matumizi ya siku, yaani uzi, vifungo, zipu. Jioni moja natafuta deni la mtu, nikaona pembeni neno "dawa" linajirudia. Desemba mara nne, Januari mara sita, halafu kimya mpaka mwisho wa Juni, kisha Julai na Agosti limejaa tena. Sasa Desemba na Januari Mbeya ni mvua na sare za shule, baridi ya kusingizia haipo. Juni hadi Agosti baridi ipo kweli, lakini pia watu wametoka kuvuna, hela ipo, sendofu na harusi kila wiki, na kila kamati inataka vitenge vya kufanana. Shingo yangu ilikuwa inafuata oda, lawama nikizipeleka kwa hali ya hewa.

Nikaenda hospitali na daftari kwapani. Daktari akanipima, akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, dada mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Bega hakuligusa. Alivuta stuli akasema, "Fundi, hebu kaa ushone." Bila cherehani! Nikakaa, nikawa nakanyaga hewa, mikono mbele kama naongoza kitambaa. Akachukua simu yangu akanipiga picha ya ubavuni. Nilipoiona nilicheka, kisha nikaona aibu: kichwa kimeinama kama mtu anayenusa sindano, bega la kulia limepanda karibu na sikio. Akaniambia kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 mpaka 5. Kikikaa wima, mifupa ya shingo inakipokea. Ukikiinamisha, misuli ya nyuma ndiyo inakishikilia, nayo inakaa imekaza kutwa nzima.

"Kwa nini unainama hivyo?" Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa macho. Nimeshapita miaka 45 na vya karibu sivioni vizuri, ila nilikuwa sijakubali. Nilinunua miwani ya kusomea, nikashusha taa hadi karibu na sindano, nikaweka mto kwenye stuli ili viwiko vilingane na meza na bega lishuke. Sitanii, shingo ilianza kupata nafuu kwenye miwani kabla ya zoezi lolote.

Kosa langu jingine lilikuwa mapumziko. Nikiumwa nilikuwa naacha kazi kabisa wiki mbili, oda nampa jirani. Yanatulia, ndiyo, lakini misuli isiyotumika inalegea, halafu mimi naitoa kitandani naipeleka moja kwa moja kwenye sketi 10 kwa siku. Nguvu inajengwa kwa mzigo unaopanda kidogo kidogo, na hesabu yake ni wiki 6 hadi 12, si siku 3 za vidonge. Siku hizi bobini ikiisha uzi nasimama: nabana mabega nyuma mara 10, navuta kidevu nyuma mara 10, nakaa. Na sare za shule naanza kukata Oktoba, hasa sketi za lastiki ambazo saizi zake nazijua, ili Desemba isinikute mikono mitupu. Wenzangu walinicheka mwaka wa kwanza.

Vidonge sivikatai. Ila diklofenaki ya kununua dirishani na kumeza miezi inachuna tumbo hadi vidonda, na figo nazo zinaumia, hasa ukiwa na presha.

Msinielewe kwamba kila maumivu ni stuli na miwani. Shangazi yangu wa Tukuyu, mchuma chai, aliamka kila siku vidole vya mikono yote miwili vimevimba, vina joto, na havikunji mpaka saa nne asubuhi. Huyo nilimpa mazoezi yangu kwa ujuaji, nikampotezea miezi. Kumbe yake ndiyo baridi yabisi yenyewe: kinga ya mwili inashambulia viungo, na bila dawa ya hospitali vinaliwa na havirudi. Kuamka viungo vimekakamaa kwa zaidi ya nusu saa, kiungo kuvimba na kuwa cha moto, mgongo unaouma pamoja na homa za usiku na kukonda, mguu kufa ganzi au mkojo kukutoka: hayo usiyapeleke kwa fundi wala kwa mchuaji, nenda hospitali.

Mimi shingo bado inakaza nikikesha na oda ya harusi. Na kijana ninayemfundisha ni mfupi, mto wangu haumtoshi, kaongezea gunia la vipande vya vitambaa. Anasema linamteleza.