Maswali ya hisa: Hela ya korosho na kumbi za sinema za Marekani

Minada imeanza kulipa na maswali yamekuja mengi. Nimechagua ya hisa za sinema, kwa sababu naona watu wa huku kwetu Kusini wanaelekea kuumia.

SWALI: Korosho yangu imelipwa. Nasikia hisa za AMC, kampuni ya kumbi za sinema ya Marekani, ziliwahi kufika dola 62, sasa zimeporomoka. Si ndio wakati wa kununua kabla hazijarudi? (Masasi)

Kila msimu naulizwa hili, na kila anayeuliza ameangalia bei tu. Ndugu yangu, uliza kampuni ina hisa ngapi na inadaiwa kiasi gani. AMC ilikuwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 4 hata kabla corona haijafunga kumbi zake Machi 2020. Ili isife, ikatoa hisa mpya na kuziuza: kutoka kama milioni 100 mwanzoni mwa 2020 hadi zaidi ya milioni 500 katikati ya 2021. Shamba la mikorosho ni lilelile, warithi wamekuwa mara tano.

Ile dola 62 ya Juni 2, 2021 haikuletwa na watazamaji, maana kumbi zilikuwa bado zinajikongoja. Ililetwa na wanunuzi wadogo waliohamasishana mitandaoni. Kesho yake kampuni ikawauzia hisa nyingine zaidi ya milioni 11, na kwenye waraka wa mauzo ikaandika waziwazi: asinunue mtu asiye tayari kupoteza hela yake yote au sehemu kubwa. Muuzaji mwenyewe amekuonya kwa maandishi! Tena Agosti 2023 hisa 10 ziligeuzwa kuwa 1, kwa hiyo bei unayoiona leo kwenye simu usiilinganishe na ile 62. Hela ya korosho ina kazi zake: salfa, palizi, ada. Usiipeleke huko.

SWALI: Lakini watu wamerudi kumbini tangu corona iishe. Faida inakwenda wapi? (Lindi mjini)

Hawajarudi wote. Mwaka 2019 tiketi za Marekani na Kanada ziliingiza zaidi ya dola bilioni 11. 2023, mwaka uliochangamka, ni kama bilioni 9. Karibu nusu ya kila tiketi ni ya wenye filamu. Ukumbi unategemea bisi na soda, na humohumo ulipe pango na riba. Na filamu haikai tena ukumbini miezi mitatu. Mwaka 2021 Warner Bros., watengeneza filamu, ilizitoa zake kumbini na kwenye HBO Max, huduma yake ya kutazama filamu nyumbani kwa mtandao, siku moja.

SWALI: Kampuni ikifilisika lakini kumbi bado ziko wazi, hisa zangu zipo? (Mikindani)

Usizitegemee. Cineworld ya Uingereza iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai Septemba 2022, ikaendelea kuonyesha filamu, ikatoka Julai 2023. Kampuni ikawa ya waliokuwa wakiidai. Wenye hisa hawakupata hata senti.

SWALI: Kuna kijana ana kundi la WhatsApp, tunamtumia hela kwa simu anatununulia hisa za nje. Ni salama? (Tandahimba)

Hapana. Nimeliandika hili hadi nimechoka. Ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana? Akaunti ya hisa ina jina lako au lake? Kama ni lake, wewe huna hisa. Waliopanda mbegu DECI, ule upatu uliomeza hela za watu, wanaukumbuka mwaka 2009. Acheni kutuma leo hii, mdaini kwa maandishi mkiwa pamoja, na akianza kukwepa nendeni polisi na ujumbe wa miamala yote. Msiufute.

SWALI: Nina laki tatu. Nianzie wapi? (Nachingwea)

Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kampuni ya kumbi za sinema hutaikuta pale, na hukosi kitu. Fungua akaunti ya CDS, yaani ya kutunzia hisa kwa jina lako, kwa dalali mwenye leseni, au tumia Hisa Kiganjani, programu ya soko hilo, kwenye simu yako. Kama huna muda wa kusoma hesabu za kampuni, vipande vya UTT AMIS, mfuko wa pamoja ambao wataalamu wanawekeza kwa niaba yako, vitakufaa zaidi. Namba yako ya NIDA iwe tayari.